Kurasa zinazofanana ndani ya tovuti moja: Injini za kutafuta huzifanyia nini

MSAFIRISHAJI anayefungua tovuti ya kampuni yake mara nyingi huanza na ukurasa mmoja mzuri unaoeleza huduma, kisha huunakili mara sita au saba na kubadilisha jina la mji tu: Mombasa hadi Kigali, Mombasa hadi Kampala, Mombasa hadi Juba, na kadhalika. Baada ya miezi michache huona jambo asilolitarajia. Mteja akitafuta kwenye Google usafiri wa mizigo kwenda Juba, anaonyeshwa ukurasa wa Kampala, au haoni kitu chochote cha kampuni hiyo. Akimuuliza fundi aliyemtengenezea tovuti, huenda akajibiwa kuwa Google imemwadhibu kwa kurudia maneno yale yale.

Maelezo hayo si sahihi, na yanaweza kumfanya mwenye tovuti alipie kazi isiyo ya lazima huku tatizo lenyewe likibaki pale pale. Kwa kawaida Google haitoi adhabu kwa tovuti yenye kurasa zinazofanana. Inachofanya ni kuzikusanya katika kundi moja, kuchagua ukurasa mmoja wa kuliwakilisha kundi hilo, na kuziacha nyingine zisionekane. Hatari kwa mfanyabiashara iko kwenye uchaguzi huo, kwa kuwa asipouelekeza yeye, mashine itachagua kwa vigezo vyake, na inaweza kuchagua ukurasa wenye bei ya zamani.

Makala haya yanahusu nakala zilizo ndani ya tovuti moja. Tovuti nyingine inapoiba maandishi ya mtu, hilo ni suala jingine lenye taratibu zake.

Nakala hutoka wapi

Wenye tovuti wengi hushangaa wakiambiwa kuwa wana nakala, kwa sababu hawakumbuki kunakili kitu. Ukweli ni kwamba nakala nyingi hazitengenezwi na binadamu. Kwa injini ya kutafuta, ukurasa hutambulishwa na anwani yake. Anwani zikiwa mbili, kurasa ni mbili, hata kama mtu akizifungua anaona kitu kile kile.

Mfano wa kwanza ni ukurasa wa mbele. Tovuti ikiitwa mfano.co.tz, ukurasa wake wa mbele unaweza kufunguka kwa kuandika www.mfano.co.tz, au mfano.co.tz bila www, au kwa kuongeza index.html mwishoni. Kila mojawapo inaweza kuanza na http au na https. Hesabu ya haraka inatoa anwani nane za ukurasa mmoja, kabla mwenye tovuti hajaandika neno la pili.

Kisha kuna viambatisho vinavyofuata alama ya kuuliza katika anwani. Duka la vipuri vya malori linalomruhusu mnunuzi kupanga bidhaa kwa bei, kwa aina ya gari au kwa tarehe huzalisha anwani mpya kila mpangilio unapobadilishwa, ingawa bidhaa ni zile zile. Tovuti za zamani zilikuwa na ugonjwa mbaya zaidi: kila mgeni aliyeingia alipewa namba yake ya kumtambulisha, na namba hiyo ikawekwa kwenye anwani ya kila ukurasa. Wageni mia moja, anwani mia moja. Tovuti zilizotengenezwa siku nyingi na ambazo hazijaguswa tangu hapo bado zinaweza kuwa nao.

Kurasa za kuchapisha kwenye karatasi ni chanzo kingine, sawa na jedwali la nauli lililowekwa mara mbili, moja kama ukurasa wa kawaida na jingine kama faili la PDF. Tovuti za habari za biashara nazo huweka habari moja chini ya "Forodha", chini ya "Uganda" na chini ya "Malori", na kama mfumo umepangwa vibaya, habari hiyo hupata anwani tatu.

Chanzo cha mwisho ndicho kinachotokana na mkono wa binadamu: kurasa za njia na za miji, ambazo zimeandikwa mara moja na kunakiliwa. Hizo zina sehemu yake hapo chini, kwa sababu ndizo zinazowahusu zaidi wasafirishaji na mawakala wa forodha.

Jinsi mashine inavyotambua

Injini ya kutafuta hutuma programu, ambayo wengi huiita buibui, kupita kwenye tovuti ikifuata viungo kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine. Kile inachokikuta hupelekwa kwenye faharasa, yaani orodha kubwa ya maneno na kurasa yalimo. Mteja akiandika "lori Dar es Salaam Lubumbashi", hatafutiwi kwenye intaneti nzima saa ile ile bali kwenye faharasa hiyo iliyokwisha kutayarishwa. Kwa hiyo kuhifadhi kitu kile kile mara nane ni hasara kwa injini yenyewe, na pia ni usumbufu kwa anayetafuta, ambaye angeletewa majibu kumi yenye maneno yale yale. Kampuni hizi zilianza kushughulikia nakala kwa faida yao wenyewe kabla mwenye tovuti yeyote hajalalamika.

Nakala kamili ni rahisi. Mashine hukokotoa namba moja kutokana na maandishi yote ya ukurasa, na kurasa mbili zikitoa namba moja basi ni sawa. Kazi iko kwenye kurasa zinazokaribiana. Mwaka 1997 Andrei Broder na wenzake, waliotumia kurasa zilizokusanywa na injini ya AltaVista, walionyesha njia ya kuzipata. Waligawa kila ukurasa katika mafungu madogo ya maneno yanayofuatana, kisha wakahesabu mafungu mangapi yanapatikana kwenye kurasa zote mbili. Waliifanya kazi hiyo kwa kurasa milioni 30.

Njia hiyo inaeleweka vizuri kwa sentensi moja ya msafirishaji: "Tunasafirisha mizigo yako kwa usalama kutoka Mombasa hadi Kigali." Sentensi ina maneno tisa. Ikigawanywa kwa mafungu ya maneno manne manne, inatoa mafungu sita, la kwanza likiwa "tunasafirisha mizigo yako kwa" na la mwisho "kutoka Mombasa hadi Kigali". Badilisha Kigali uweke Bujumbura. Fungu moja tu limebadilika. Matano yamebaki yalivyokuwa. Sasa fikiria ukurasa wa maneno 300, ambao hutoa mafungu 297. Jina la mji likitajwa mara mbili, mafungu yasiyozidi manane ndiyo yatakayobadilika. Kwa macho ya mteja hizi ni njia mbili tofauti zinazoelekea nchi mbili, lakini kwa hesabu ya mashine ni ukurasa mmoja ulioandikwa mara mbili.

Baadaye hesabu ziliboreshwa. Mwaka 2002 Moses Charikar alieleza namna ya kutengeneza alama fupi ya ukurasa ambayo hubadilika kidogo pale ukurasa unapobadilika kidogo. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha maelezo ya kuitumia kwenye mkusanyiko wa kurasa bilioni 8: kila ukurasa ulipewa alama yenye tarakimu 64 za sifuri na moja, na kurasa zilizotofautiana kwa tarakimu zisizozidi tatu zilihesabiwa kuwa karibu sawa. Mbinu zinazotumika leo ni nyingi zaidi ya hiyo, lakini wazo la msingi limebaki.

Ikumbukwe pia kwamba injini hujaribu kutenganisha kiini cha ukurasa na vitu vinavyojirudia kila mahali, kama menyu ya juu, namba za simu na anwani ya ofisi chini. Kuwa na menyu ile ile kwenye kurasa zote si kosa na hakuna anayepaswa kuhangaika nalo.

Kundi la kurasa likishapatikana, huchaguliwa ukurasa mkuu. Google huangalia dalili kadhaa: ukurasa upi unaelekezwa na viungo vingi ndani ya tovuti, upi umetajwa kwenye ramani ya tovuti, upi unatumia https, upi mwenye tovuti mwenyewe ameutaja kuwa mkuu. Dalili zikipingana, mashine hupima na kuamua. Kurasa zilizobaki hazifutwi kwenye tovuti, wala mteja mwenye anwani yake hazuiwi kuzifungua. Hazitokei tu kwenye majibu.

Habari ya adhabu

Hofu ya adhabu haikuzuka bure. Kuanzia mwaka 2003 Google ilikuwa na faharasa ya nyongeza, pembeni ya ile kuu, na kurasa zilizowekwa humo zilionyeshwa kwa alama maalumu. Nakala nyingi ziliishia humo na hazikuonekana mara kwa mara. Mwenye tovuti aliyeona alama hiyo aliona kama amefungiwa. Alama hiyo iliondolewa Julai 2007.

Desemba 2006 Google ilitoa maelezo marefu kuhusu nakala, na Septemba 2008 ikasema waziwazi kuwa hakuna kitu kinachoitwa adhabu ya nakala kwa maana ambayo watu wengi wanaielewa. Desemba 2013 Matt Cutts, aliyekuwa akiongoza kikosi cha kupambana na udanganyifu katika kampuni hiyo, alisema kuwa kati ya asilimia 25 na 30 ya yaliyomo kwenye wavuti ni nakala. Kama kila nakala ingeadhibiwa, sehemu kubwa ya wavuti ingekuwa kifungoni.

Hata hivyo kuna mambo mawili yanayochanganywa na adhabu hiyo. La kwanza ni mabadiliko ya Februari 2011 yaliyojulikana kwa jina la Panda, ambayo yalizishusha tovuti zenye kurasa nyingi zisizo na manufaa. Tovuti yenye kurasa mia zilizonakiliwa ilijikuta ndani ya wavu huo kwa sababu ya unyonge wa kurasa zake kwa ujumla. La pili ni udanganyifu wa makusudi: kutengeneza makumi au mamia ya kurasa za miji kwa lengo la kunasa watafutaji na kuwapeleka wote mahali pamoja. Google imekuwa ikikataza kurasa hizo za mlangoni kwa miaka mingi, na Machi 2015 ilitangaza hatua kali zaidi dhidi yake. Machi 2024 iliongeza katazo la kurasa zinazozalishwa kwa wingi ili kucheza na matokeo, ziwe zimeandikwa na mtu au na mashine. Hapo adhabu ipo, na inaweza kuondoa tovuti nzima kwenye majibu.

Kampuni yenye malori kumi na kurasa saba za njia haiko katika kundi hilo. Lakini yule anayeshauriwa na fundi atengeneze ukurasa kwa kila wilaya ya Afrika Mashariki, hata asikopeleka mzigo, ajue anaelekea huko.

Hasara yenyewe

Tuseme adhabu haipo. Hasara ipo, na mfano mzuri unatoka mpaka wa Gatuna.

Mwishoni mwa Februari 2019 Rwanda ilifunga njia ya malori hapo Gatuna, na magari ya mizigo yaliyotoka Kampala kwenda Kigali yakaelekezwa kupitia Mirama Hills upande wa Uganda na Kagitumba upande wa Rwanda. Njia ya Gatuna ilifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Msafirishaji makini aliyekuwa na tovuti wakati huo alibadilisha ukurasa wake wa Kigali mara mbili. Asiyekuwa makini, au aliyeogopa kupoteza ukurasa wa zamani, alifanya linalofanywa na wengi: alinakili ukurasa, akabadilisha aya moja inayotaja mpaka, akauweka kwa anwani mpya na kuuacha ule wa kwanza palepale.

Kurasa hizo mbili zinatofautiana kwa aya moja tu. Injini ikiziweka katika kundi moja, itaonyesha mmoja. Ukurasa wa zamani umekaa miaka mitatu, umeunganishwa na tovuti za vyama vya wafanyabiashara na na wateja, na menyu ya tovuti yenyewe bado inaelekeza huko. Mpya una viungo viwili. Mashine haina habari kuwa mpaka umefunguliwa. Inachokiona ni kwamba ukurasa mmoja una heshima zaidi kuliko mwingine. Mteja wa Kigali anasoma kuwa mzigo wake utazungushwa Kagitumba, anapiga hesabu ya siku na mafuta, anakwenda kwa msafirishaji mwingine. Hakuna aliyeadhibiwa, na mzigo umekwenda.

Hali ni hiyo hiyo kwa nauli. Kampuni inayoweka "Nauli 2022", "Nauli 2023" na "Nauli 2024" kwenye anwani tatu zenye maelezo yale yale na tarakimu tofauti kidogo, inamwachia Google kuchagua ni ipi mteja aione. Njia bora ni anwani moja isiyobadilika, ambayo tarakimu zake husahihishwa kila nauli inapobadilika, na za zamani kama zinahitajika kwa kumbukumbu zikahifadhiwa ofisini.

Hasara ya pili ni nguvu kugawanyika. Viungo kutoka tovuti nyingine huipa tovuti heshima mbele ya injini. Wateja watano wakiunganisha na anwani yenye www na watano na isiyo nayo, Google hujaribu kuvijumlisha viungo hivyo pale inapotambua kuwa ukurasa ni mmoja, lakini isipotambua, kila anwani hubaki na nusu yake.

Ya tatu ni muda wa buibui. Inatajwa sana na wauza huduma za tovuti, lakini kwa tovuti ya kurasa hamsini haina uzito wowote. Inawahusu wenye maduka ya maelfu ya bidhaa na tovuti kubwa za habari, ambako buibui anaweza kumaliza safari zake kwenye mipangilio ya bei huku bidhaa mpya zikisubiri.

Kurasa za njia na za miji

Je, msafirishaji aache kabisa kuwa na ukurasa kwa kila njia? La. Mteja wa Lubumbashi anataka kusoma habari za Lubumbashi. Swali ni kama kuna jambo la kusema kuhusu njia hiyo ambalo halisemeki kuhusu nyingine, na kwa biashara ya mipakani jibu ni kwamba mambo hayo ni mengi. Ajabu ni kwamba kurasa nyingi haziyasemi, zinaishia kwenye "huduma bora kwa bei nafuu".

Mzigo wa Kigali kutoka Dar es Salaam huvuka mpaka mmoja, Rusumo. Kutoka Mombasa huvuka mipaka miwili, Malaba au Busia kuingia Uganda, kisha ule wa Rwanda. Wa Bujumbura kutoka Dar es Salaam unaweza kupita Kabanga na Kobero. Wa Kampala kutoka Dar es Salaam hupita Mutukula. Wa Lubumbashi huingia Zambia kwa Tunduma na Nakonde, kisha huvuka tena Kasumbalesa. Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza kutumika katika jumuiya mwaka 2014 hauwezi kuelezwa kwa Lubumbashi kwa maneno yale yale yanayotumika kwa Kigali, ingawa Kongo yenyewe ilijiunga na jumuiya mwaka 2022. Dereva anayetoka Dar es Salaam huendesha upande wa kushoto mpaka Kasumbalesa, halafu upande wa kulia. Wa Kigali hubadilisha Rusumo. Nyaraka za Lubumbashi na Bujumbura huhitaji mtu anayesoma Kifaransa.

Ukurasa wenye habari hizo, pamoja na idadi ya siku ambazo kampuni yenyewe hutumia, aina ya magari inayopeleka huko, jina la ofisi au wakala wake mpakani na orodha ya karatasi anazotakiwa kuleta mteja, hauwezi kuwekwa kundi moja na mwingine. Mafungu yake ya maneno ni tofauti kwa sababu njia yenyewe ni tofauti. Kwa upande mwingine, kubadilisha maneno kwa ujanja, kuandika "shehena" badala ya "mizigo" na "gari kubwa" badala ya "lori", hakumsaidii mteja na hakuna sababu ya kumlipa mtu kwa kazi hiyo.

Mambo yanayohusu njia zote yakae mahali pamoja. Kikomo cha tani 56 cha uzito wa gari na mzigo, kilichomo katika sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ni kile kile kwa Kampala na kwa Kigali. Bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, nayo inahitaji maelezo mara moja tu. Vitu hivi viwe na ukurasa wake, na kurasa za njia ziuelekeze kwa kiungo. Ikitokea mabadiliko, mwenye tovuti anasahihisha sehemu moja.

Na kama kampuni haina la kusema kuhusu Juba isipokuwa kwamba inafika huko, basi mstari mmoja kwenye ukurasa wa njia zote unatosha.

Kuitaja anwani iliyo kuu

Pale ambapo nakala imetokana na mfumo na si na maandishi, dawa ni kuiambia injini anwani ipi ndiyo kuu. Njia ziko kadhaa na hazina nguvu sawa.

Yenye nguvu zaidi ni kumhamisha mgeni moja kwa moja. Anayefungua anwani isiyo na www anapelekwa kwenye yenye www, na anayeingia kwa http anapelekwa kwenye https, bila yeye kubofya chochote. Fundi huifanya kazi hii kwenye seva kwa uhamisho wa kudumu, unaojulikana kwa namba 301. Namba 302 ni ya uhamisho wa muda, na fundi mvivu huitumia pasipostahili. Anayelipia kazi hii aulize ni namba ipi imewekwa. Ukurasa wa zamani wa Gatuna uliotajwa hapo juu ungetibiwa hivi hivi. Google inashauri uhamisho ubaki angalau mwaka mmoja, na kwa kuwa wateja huhifadhi anwani za zamani kwa muda mrefu, hakuna ubaya wa kuuacha kabisa.

Njia ya pili ni alama inayowekwa ndani ya msimbo wa ukurasa, isiyoonekana na msomaji, ikisema kuwa ukurasa mkuu ni ule. Fundi huiandika rel="canonical". Google, Yahoo na Microsoft ziliitangaza kwa pamoja Februari 2009, jambo la nadra kwa kampuni zilizokuwa zikishindana. Inafaa pale ambapo kurasa zote zinatakiwa kuendelea kufunguka, kama bidhaa zilizopangwa kwa bei au ukurasa wa kuchapisha. Lakini Google huichukulia kama pendekezo zito na si amri. Ikiwekwa kati ya kurasa mbili ambazo hazifanani, inaweza kupuuzwa. Kosa baya zaidi ni lile la tovuti ambayo kila ukurasa wake, kwa kunakili kiolezo, unasema kuwa ukurasa mkuu ni ule wa mbele. Mwenye tovuti anakuwa ameiomba Google ifiche tovuti yake yote.

Viungo vya ndani ya tovuti navyo vinasema. Menyu, matangazo na barua pepe za kampuni zitumie anwani moja tu. Ramani ya tovuti iorodheshe kurasa kuu pekee, ingawa uzito wake ni mdogo kuliko wa njia mbili za kwanza.

Kuna ushauri wa zamani wa kuzuia nakala kwa faili la robots.txt, ambalo huwaambia buibui wasiingie sehemu fulani. Ushauri huo haufai kwa kazi hii. Buibui aliyezuiwa asisome ukurasa hawezi kujua kuwa ni nakala, hivyo hawezi kuuunganisha na mkuu, na anwani yake bado inaweza kutokea kwenye majibu bila maelezo. Vilevile, chombo cha Google kilichokuwa kikimwezesha mwenye tovuti kutaja viambatisho vya anwani vya kupuuzwa kiliondolewa mwaka 2022, na kile cha kuchagua kati ya www na isiyo na www kiliondolewa mwaka 2019. Maelekezo yanayovitaja vyombo hivyo yamepitwa na wakati.

Lugha na nchi

Ukurasa wa Kiswahili na tafsiri yake ya Kifaransa au Kiingereza si nakala. Mashine hulinganisha maneno, na maneno ni tofauti. Wakala wa Bukavu anayeandika kwa lugha mbili hana la kuogopa.

Tatizo huja pale lugha ikiwa moja na nchi mbili. Muuzaji mwenye ukurasa wa Kiswahili wa Tanzania wenye bei kwa shilingi za Tanzania, na mwingine wa Kenya wenye maelezo yale yale kwa shilingi za Kenya, ana kurasa zinazokaribiana sana. Tangu mwaka 2011 Google inatambua alama ya hreflang, ambayo huonyesha kuwa ukurasa fulani ni wa Kiswahili kwa Tanzania, sw-TZ, na mwingine ni wa Kiswahili kwa Kenya, sw-KE. Alama hiyo iwekwe kwenye kurasa zote mbili, kila mmoja ukimtaja mwenzake na kujitaja wenyewe. Ikiwekwa upande mmoja tu haifanyi kazi. Hata hivyo Google bado inaweza kuzihesabu kurasa hizo kuwa kundi moja. Bei ikiwa ndiyo tofauti pekee, kuweka bei zote mbili kwenye ukurasa mmoja huwa rahisi zaidi kuliko kupigania kurasa mbili.

Kukagua tovuti

Uchunguzi wa awali hauhitaji fundi. Chukua sentensi moja ndefu kutoka ukurasa wa huduma, iweke ndani ya alama za kunukuu kwenye Google, na mbele yake andika site: ikifuatwa na jina la tovuti bila nafasi. Majibu yakiwa matano, sentensi hiyo iko kwenye kurasa tano zinazojulikana na Google. Mwishoni mwa orodha Google inaweza kuandika kuwa imeficha majibu mengine yanayofanana na yaliyoonyeshwa. Ukibofya hapo utaona zilizofichwa. Orodha hii si kamili, lakini hutoa picha.

Picha kamili zaidi iko kwenye Search Console, huduma ya bure ya Google kwa wenye tovuti. Ukiingiza anwani ya ukurasa, inaonyesha ukurasa mkuu uliotajwa na mwenye tovuti na ule uliochaguliwa na Google. Zikiwa tofauti, kuna dalili inayopingana mahali fulani, mara nyingi kwenye viungo vya menyu. Akaunti hiyo ifunguliwe kwa jina la kampuni na si la fundi, maana fundi akiondoka huondoka nayo.

Baada ya marekebisho, matokeo hayaonekani siku ya pili. Buibui lazima arudi kwenye kurasa zote za kundi, za zamani na mpya, ndipo uchaguzi ubadilike, na kwa tovuti ndogo isiyotembelewa sana hilo linaweza kuchukua wiki kadhaa. Kwa Bing, ambayo ndiyo inayotoa pia majibu ya Yahoo, kuna utaratibu wa IndexNow ulioanza mwaka 2021 unaomwezesha mwenye tovuti kutoa taarifa ya anwani iliyobadilika papo hapo. Kwa Google, ombi la kupitiwa upya hutolewa ndani ya Search Console, ukurasa mmoja mmoja, na kwa kila siku kuna kikomo cha maombi. Msafirishaji mwenye kurasa saba za njia anaweza kuanza na ule unaomletea mizigo mingi.